Kiraka cha Sufuria

Baba alikuwa fundi wa gereji kwenye shamba la kahawa Ruiru, na sufuria yoyote iliyotoboka kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, ililetwa kwake. Aliyeyusha risasi, yale madini laini ya ndani ya betri kuukuu za lori, akaziba tundu, akasugua mpaka kiraka kikang'aa. Hakumtoza mtu. Mimi nilitembea kifua mbele, maana nani mwingine alikuwa na baba kama huyo?

Kiraka kikubwa kuliko vyote kilikuwa kwenye sufuria yetu. Humo mama aliweka uji wa wimbi, akauacha siku mbili tatu uchachuke, kwa kuwa kwetu mtoto anayeachishwa ziwa hukuzwa na uji mchachu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na mwaka na nusu, na kumnywesha ilikuwa kazi yangu.

Akaanza kulia tumbo. Kisha akaacha kutembea, yeye aliyekuwa akikimbiza kuku! Majirani wakasema ni minyoo, wengine, meno. Alipokataa uji nilimbana pua ili afungue mdomo. Siku alipokakamaa, macho yakageuka juu, tulimkimbiza hospitali ya Thika kwa lori la kahawa.

Asubuhi yake mama alileta uji, kwenye sufuria ileile. Daktari, Mzungu, alikuwa akitazama ufizi wa mtoto, uliokuwa na mstari mweusi. Alipomwona mama akichota, alimpokonya sufuria akamwaga uji wote. Chakula cha mgonjwa! Nilidhani ameingiwa na wazimu.

"Mama, hii kiraka ni ya nini?" akauliza dresa, msaidizi wake.

"Ni risasi ya betri. Bwana yangu ndiye alitengeneza."

Wakasemezana Kiingereza. "Uji ikichacha inakula hiyo risasi," dresa akatuambia. "Hiyo ni sumu. Mmekuwa mkimpa mtoto sumu."

Niliitazama mikono yangu, ile iliyombana pua.

Mdogo wangu alipona, ila mpaka leo anaburuta mguu mmoja. Siku ileile baba alipoambiwa, alizunguka laini zote akiomba sufuria alizoziba. Wengine walimtania, "Fundi, umekuja kuchukua kazi yako?" Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama Mluhya aliyezika mtoto mwaka uliotangulia. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na sufuria, akaiweka chini kati yao.

"Fundi," akasema, "kwa hivyo wangu haikuwa degedege."