Zoezi Limekwenda Vizuri

Juzi sokoni Mbalizi, mgambo walivunja meza za wauza nyanya, kisha mkubwa wao akatangaza kwamba zoezi limekwenda vizuri. Nikakumbuka Usangu nikiwa mtoto, siku wafugaji tulipofukuzwa, mchana ule ulionuka majivu ya nyumba yetu.

"Ng'ombe wangu wote wako wapi, mheshimiwa?" baba aliuliza.

"Mzee wangu, kwenye zoezi changamoto hazikosekani," alijibu bwana mkubwa aliyeongoza kutufukuza, akijipangusa vumbi viatuni.

Zoezi nililolijua mimi lilikuwa la darasani. Sikujua kwamba waoga wenye vyeo huliita hivyo jambo wasilotaka kuulizwa. Nikamuuliza mama nani atalisahihisha.

Mama alikuwa akiokota sufuria majivuni. "Litasahihishwaje, mwanangu," alisema, "na waliolifanya hawakuandika majina?"