Mkalimani wa Maswali ya Mkojo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Daktari Mtafiti alinipa koti jeupe ambamo wangeenea watu watatu na kitambaa kingebaki cha kushona mapazia. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na Kiingereza changu nilikisema kwa nguvu hata mbuzi wa jirani walikuwa wakinyamaza kunisikiliza.

"Kazi yako ni moja," akaniambia. "Ninachouliza, uliza. Wanachojibu, niambie. Usitie chumvi."

Mimi, kukatazwa chumvi! Lakini nilijitahidi.

Alikuwa akichunguza tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu. Kwa wanaume wengi hukua kadiri umri unavyokwenda, ikabana njia ya mkojo. Alitaka kujua kwa nini wazee wa West Nile huja hospitali njia ikiwa imeshaziba kabisa na figo zimeanza kuharibika. Tuliuliza kwa Kilugbara pale Arua na Ombaci: unaamka mara ngapi usiku? Mkojo unakatika katikati? Kisha tukahamia kituo kimoja cha afya upande wa Koboko, tukauliza kwa Kikakwa, lugha yangu ya nyumbani. Kote jibu lilikuwa lile lile: hakuna shida. Kwa majibu yale, ungedhani West Nile nzima ina vibofu vya chuma.

Kiswahili hatukukigusa. Huko kusini alikotoka Daktari, wengi walikisikia kwanza kwa askari wa vizuizi vya barabarani. "Hiyo ni lugha ya bunduki," alisema, nami sikubisha. Sisi wenyewe tulikuwa tumerudi majuzi tu kutoka uhamishoni Zaire, na kila mtu alikuwa na yake ya kukumbuka.

Asubuhi moja akaletwa mzee kutoka Dranya, ameshikiliwa juu ya baiskeli, tumbo limevimba chini ya kitovu, jasho linamtiririka. Mkojo ulikuwa haujatoka tangu juzi. Nilimtazama, nikageuza uso upesi. Alikuwa baba wa mke wangu, koplo mstaafu.

Kwetu mtu hatazami mwili wa baba mkwe, wala wakwe hawaambiani mambo ya chini ya kiuno. Kulitamka neno mkojo kwa Kikakwa mbele yake ni kumvua nguo. Na mwingine pekee aliyejua Kiingereza pale alikuwa muuguzi, binti wa ukoo wake, naye mwiko ulimbana vilevile.

"Mwambie nitapitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu," alisema Daktari. "Mkojo ukizidi kurudi nyuma, figo zinakufa, na yeye anakufa. Mbona umenyamaza?"

"Ni baba mkwe wangu, Daktari."

"Basi baba mkwe wako anakufa!"

Mzee alikuwa ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Akafumba macho, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kambini:

"Wewe! Kwa Kikakwa wewe iko mkwe yangu. Kwa Kiswahili hapana. Kwa Kiswahili mimi iko koplo, wewe iko kuruta. Geuka, angalia ukuta. Sasa uliza!"

Nikageukia ukuta, mikono imenyooka ubavuni. "Afande, mkojo nasumbua tangu lini?"

"Miaka tatu. Natoka kidogo kidogo kama bomba mbovu. Mutu ya kuambia hapana."

Nikatafsiri bila chumvi hata chembe. "Daktari nataka kuweka mpira, afande."

"Weka! Unangoja parade?"

Nyuma yangu nikasikia mkojo ukianguka kwenye beseni, muda mrefu. Kisha nikamsikia mzee analia. Sikugeuka.

Siku ya pili yake Daktari aliniomba nimfundishe maswali yote kwa Kiswahili. Wazee wa Lobule na Dranya, wengi wao askari wa zamani, wakasema mpaka wino ukatuishia. Makala yake ilipochapishwa, ilieleza kwamba wazee hawa waliujua ugonjwa wao. Walichokosa ni mtu wa kumwambia.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mna mashine zinazopiga picha ya kibofu, na nafurahi sana. Ila kabla ya kuuliza, tazameni kwanza nani yumo chumbani.

Baba mkwe alipasuliwa Arua, akaishi miaka kadhaa, ingawa figo hazikurudi sawasawa. Nilipokwenda kumwamkia tulitazama chini, tukaulizana kwa Kikakwa habari za mihogo na watoto. Kiswahili hakunisemesha tena mpaka tulipomzika.