Vidonge vya Kuongeza Damu

Mimi ni muuguzi, na kama kuna watu wananichosha, ni ndugu wanaoingia chumba cha daktari kabla ya mgonjwa. Miaka sita nafanya kazi na Daktari Imakulata kwenye kliniki ya saratani na magonjwa ya damu hapa Raskazone, na kila wiki ni yaleyale: "Mama asiambiwe."

Daktari ana sababu ya kuyachukia maneno hayo. Alizaliwa Maramba, kwa wazazi waliofuata kibarua mashambani. Mama yake alipopata saratani ya tumbo, baba na mashangazi walimwambia ni vidonda tu. Mama wa watu akafa huku akiwaagiza watoto wamtunzie mbegu za mahindi, maana akipona atapanda. Binti akaapa kwamba akiwa daktari, mwenye mwili ndiye atakayeambiwa kwanza.

Kiapo hicho alikivunja mara moja tu, nami nikiwepo.

Massoud, mfanyabiashara wa Makorora mwenye asili ya Pemba, alimleta mama yake, Bi Suhaila. Vipimo vikaonyesha saratani ya damu, ile ya polepole, ambayo kidonge kimoja kila siku huituliza kwa miaka. Massoud akamvuta daktari pembeni.

"Nakuomba sana, daktari. Mamaangu roho yake ndogo. Dadake alilisikia neno hilo, hakumaliza wiki. Tumwambie ni vidonge vya kuongeza damu."

Daktari alikataa. Massoud akalia, mwanamume mzima, mpaka foleni yote ikageuka. Daktari akampa mwezi mmoja. Mwezi ukawa mitano. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ya anayeficha maradhi ya mwenzake hawakuyasema, labda hawakudhani tungefika huko.

Jumanne iliyopita majibu ya Bi Suhaila yalikuja mabaya.

"Shikamoo, mama. Vidonge unameza kila siku?" daktari alimuuliza.

"Marahaba, mwanangu. Vilinifaa, damu imerudi, alhamdulillahi. Basi mwezi huu nimemgaia mkwe wangu, Wanu, mke wa Massoud. Ana mimba ya miezi mitatu, na huko kliniki walimwambia damu yake haba."

Dawa ile mjamzito haigusi. Inaweza kumharibu mtoto tumboni.

Daktari alivuta kiti, akamshika mkono, akamweleza yote bila kuzungusha. Bi Suhaila hakuanguka, wala roho haikumtoka. Aliuliza, "Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua, mama. Nilikukosea."

"Mngeniambia, ningemeza sumu yangu mwenyewe."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Massoud, nikamkasirikia daktari, na zaidi nilijikasirikia mimi niliyekuwa nikimchekea yule mama kila mwezi na kumpa kichupa nilichokibandua karatasi ya jina la dawa.

Massoud alikuwa nje na mkewe. Bi Suhaila alitoka akamnong'oneza mwanawe habari nzima. Nilimwona uso ukimkauka. Akasimama, akatutazama daktari na mimi pale mlangoni, akaja mbio kama mtu aliyeachwa na basi.

"Nawaombeni," alisema kwa sauti ya chini. "Wanu asiambiwe. Atashtuka, mimba itatoka."

Daktari alimpita, akaenda hadi kwenye benchi, akainama mbele ya yule binti.

"Wanu, njoo ndani," alisema. "Wewe peke yako."