Konda Ampeleka Dereva Mlimani

Konda hakuwa konda tena, lakini jina lilimganda. Basi lenyewe lilishauzwa kama vyuma chakavu, naye siku hizi alitengeneza redio na pasi kwenye kibanda nyuma ya soko. Mtaa mzima ulimwita Konda hivyo hivyo, na mzee wa chumba cha jirani ukamwita Dereva. Walikuwa wamefanya kazi kwenye basi moja tangu enzi za kujiremba nywele kwa mafuta, na hakuna aliyemjua mmoja bila mwenzake.

Asubuhi hiyo Konda ndiye aliyeshika usukani, tena wa gari la kuazima, na Dereva akawa abiria. Hilo peke yake lilitosha kuleta maneno.

"Badilisha gia, bwana. Mlima huu haupandwi kwa kubembelezwa."

"Nimebadilisha."

"Umechelewa."

Wakacheka. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemfutia Dereva karibu kila kitu, ila barabara ulikuwa haujaifikia. Kila kona aliijua. Hapa ekseli ilikatika wakalala na abiria wote mpaka kulipokucha. Pale, chini ya maporomoko, mama mmoja alijifungulia kiti cha nyuma, na Konda, mbabe wa kugombana na abiria, akazimia. Mawingu yalitanda chini yao, bondeni, na palipokuwa na mwanya mabati ya nyumba yalimetameta. Ilipendeza kiasi cha kuudhi. Konda alikuwa na jambo zito moyoni, na uzuri wote ule ulimzidishia tu.

Jambo lenyewe ni hili: Dereva alikuwa akipelekwa kwa binti yake, juu kabisa, akae huko moja kwa moja. Alikuwa amesahau jiko likiwaka mpaka majirani wakavunja mlango. Kila alfajiri alitoka kwenda stendi kutafuta basi lake, na Konda kwa magoti yake mabovu alikuwa hawezi tena kumkimbilia. Binti alimpigia simu akamwambia, "Baba mdogo, baba anakusikiliza wewe tu. Mwambie njiani, taratibu, kwamba anakuja kukaa. Asije akaona tumemtupa." Konda akaahidi.

"Mke wangu amekula kabla hatujatoka?" Dereva akauliza.

"Amekula."

Mke alishazikwa, mwaka wa pili sasa. Mwanzoni Konda alikuwa akisema ukweli, na kila aliposema, Dereva aliupokea msiba upya, akaanguka kilio kama ndiyo kwanza anasikia. Konda akashindwa. Akajifunza kusema amekula, amelala, amekwenda kwa dada yake. Uongo huo ulimpunguzia Dereva machungu, na kusema kweli ulimpunguzia na yeye.

Kwenye kona inayotazama bonde Konda aliegesha pembeni, akapiga moyo konde. "Dereva, huko tunakokwenda..."

"Kwa binti yangu, najua." Dereva alikuwa anatabasamu. "Tusalimie, tusikae sana. Kesho tuna zamu ya alfajiri."

Konda akawasha gari.

Binti alikuwa amekitayarisha chumba. Kitanda kilisogezwa dirishani, godoro lilikuwa bado na nailoni yake, na chini kulikuwa na ndara mpya. Alimtazama Konda kwa macho ya kuuliza, na Konda akatazama pembeni. Dereva alikizunguka chumba, akakisifu, akasema mgeni atakayelala humo atafaidi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, hata mtoto angeona. Konda akasimama, akasema anakwenda mara moja kutia mafuta.

"Nikusindikize?"

"Pumzika. Nakuja."

Aliteremka mlima akilia waziwazi na kujitukana. Yeye aliyewahi kuwafokea abiria wa basi zima washuke, ameshindwa kumwambia rafiki yake sentensi moja. Simu ikaita. Akaegesha.

"Baba mdogo," binti akasema, "yuko getini tangu uondoke. Ameshika begi lake, na mvua imeanza. Nimwambie nini?"

Konda akasema, "Mpe simu."

Kikasikika kikohozi alichokizoea. "Konda. Umepata mafuta?"

Nafasi ilikuwa imerudi yenyewe, na safari hii hakulazimika hata kumtazama usoni. Konda akafungua mdomo.

"Bado," akasema. "Kituo cha hapa hakina. Nimeteremka cha chini."

"Basi usikimbie, kona zimelowa hizo. Huyu binti ananing'ang'aniza niingie ndani, nimemkatalia. Ukirudi usiponikuta hapa, utadhani nimekuacha."