Siku Waingereza Walipoangalia Ng'ombe

Aibu hii nimeinyamazia tangu nilipotoka Uingereza, na ningeinyamazia mpaka nife, lakini wiki iliyopita tumemzika baba mkwe wangu, na tangu hapo kila nikikaa peke yangu jikoni naiona kofia yake nyeusi, nacheka huku nalia, kwa hiyo heri niseme. Ndiyo, ni mimi yule mwanamke aliyechuchumaa majini huku watu wakimpigia kelele asimame. (Habari ilifika kwetu Tukuyu kabla yangu, ila waliipindua, wakasema nililewa. Mimi hata togwa iliyolala ikachachuka siinywi.)

Kwetu Rungwe, kama hujui, mke wa mtu haonani na baba wa mumewe. Ukisikia anakuja njiani unaingia migombani, unajifunika, unachuchumaa mpaka apite. Hata jina lake hulitaji, ndiyo maana hapa pia silitaji. Wakristo wengi walishaanza kulegeza, na yeye mwenyewe alikuwa mchungaji, lakini mama yangu alinilea hivyo na mimi niliona fahari. Tangu niolewe hakuwa ameniona uso wala mimi wake. Mume wangu Asegelile alipopelekwa Uingereza kusomea ualimu, nami nikamfuata, wanawake wa kwetu walisema wazi, "Huyu akirudi atakuwa anampa mkono baba mkwe wake." Nikaapa moyoni kwamba hawatapata la kusema.

Basi tukiwa huko, kanisa la mji ule likamwalika baba mkwe aje kuwahubiria. Wenyeji wetu, Bwana Jorji na mkewe Bibi Edna, wazee waliotupenda kama watoto wao, wakakodi mashua ya kulala humo humo Jumamosi na Jumapili, ili familia ikae pamoja. Asegelile akanijia anajikuna kichwa.

"Mke wangu, mashua ni moja. Niwakatalie?"

Ningesema wakatalie, nisingekuwa na hadithi leo. Lakini nilimwona Bibi Edna anavyokata mikate na kuimba, nikasema, "Mweke baba mbele, mimi nitakaa nyuma. Mashua si ndefu?"

Ndefu ilikuwa kweli. Upana ndio hawakuniambia. Mashua zile ni nyembamba kama kibweta cha kalamu, zinapita kwenye mfereji uliochimbwa na watu, kama mifereji ya mpunga kule Usangu ila mikubwa zaidi, na ndani yake mna ujia mmoja tu, watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi.

Jumamosi tulishinda vizuri. Baba mkwe alikaa mbele, mimi nyuma karibu na Bwana Jorji aliyeshika usukani, na kila baba mkwe alipotaka kuinuka alikohoa kwanza, kwa nguvu, nami nikajua nijifiche upande gani. Hakuna aliyetupangia hivyo. Jioni mimi na Asegelile tukashuka tukalala nyumba ya wageni kijijini. Nikajiona mshindi.

Kumbe Bibi Edna alikuwa ananitazama. Nimekunywa chai nje kwenye upepo, nimekataa kukaa mezani, nakimbia kila mzee anapokohoa. Asubuhi akamvuta Asegelile pembeni.

"Baba yako amemkosea nini mkeo?"

"Hakumkosea. Ni heshima."

"Heshima gani ya kukimbiana?" Akaondoka anatikisa kichwa, na nadhani ndipo alipoamua kutupatanisha.

Mchana tukafika mahali ambapo maji yanazuiwa kwa milango mikubwa ya mbao, na mashua inangoja ifunguliwe ndipo ishuke upande wa chini. Ukingoni watu walijaa, wametoka kanisani, wamevaa vizuri, wanakula aiskrimu. Asegelile alishuka kusaidia kusukuma milango. Bibi Edna akamshika baba mkwe mkono akamleta nyuma nilikokaa, kupitia ndani ya mashua. Yeye Kiingereza hakijui, alifikiri anapelekwa kuonyeshwa milango, tena alidhani mimi nimeshuka na mume wangu, kwa hiyo hakukohoa.

Nikaona kofia nyeusi inatokea mlangoni.

Nilijifunika kanga kichwa kizima, nikapiga hatua kwenda ukingoni, ambao nilikumbuka uko karibu. Ulikuwa karibu kabla kamba iliyofunga mashua haijalegea, mashua ikasogea. Nikatumbukia majini.

Baridi ile sitaieleza. Miguu ikagusa tope, nikajua maji yananifika kiunoni tu, na Bwana Jorji naye anapiga kelele, "Simama! Maji mafupi!" Lakini nisimame vipi, nguo zimenishika mwilini, na baba mkwe yuko pale juu? Nikachuchumaa. Maji shingoni, kanga kichwani.

"Anazama!" wakalia ukingoni. "Hasikii Kiingereza!" Mtu mmoja mnene akanitupia boya likanipiga kichwani. Bwana Jorji akaanza kuvua viatu. Asegelile akaja mbio.

"Simama, mke wangu!"

"Baba yuko wapi?"

"Si yuko hapa!"

"Basi sisimami!"

Meno yanagongana, nikawaza nitafia kwenye mfereji wa watu. Ndipo nikasikia sauti kwa Kinyakyusa, taratibu, kama anasoma neno kanisani. "Asegelile, waambie watu hawa wote watazame kule malishoni. Mimi nimeshawatangulia."

Nikachungulia chini ya pindo la kanga. Niliona mgongo. Alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, anaangalia ng'ombe ng'ambo ya pili.

Asegelile akatafsiri. Kwanza hakuna aliyejitikisa. Kisha Bwana Jorji akageuka, kiatu kimoja mguuni. Yule mnene akageuka. Akina mama wakawashika watoto mabega wakawageuza, mpaka ukingo wote ukawa migongo mitupu. Wazungu wale, ambao kwetu siku zile za mkoloni nani angethubutu kuwaambia kaa au simama, waligeuka kwa neno la mchungaji wa Rungwe, kwa ajili yangu mimi.

Nikasimama.

Bibi Edna peke yake ndiye aliyekuja, macho chini, na blanketi. "Nisamehe, mwanangu. Sasa nimeona." Na baba mkwe, bila kugeuka, akasema kama anaongea na upepo, "Ng'ombe hawa wanene. Wanalishwa nini?" Asegelile akatafsiri. Bwana Jorji, naye bila kugeuka, akajibu, "Nyasi tu, Mchungaji."

Mashua sijapanda tena wala sitapanda. Hata Ziwa Nyasa nalitazama nikiwa kilimani.

Wiki iliyopita, kabla jeneza halijafungwa, watu waliitwa wapite kumwona. Dada yake Asegelile akanishika mkono. "Njoo, wifi, umwone hata mara moja. Wa kumkimbia hayupo tena."

Sitadanganya, nilitamani sana kuujua uso ule. Lakini niliutoa mkono wangu polepole, nikatoka uani, nikampa mgongo kama yeye alivyonipa, nikasimama wima nikaangalia ng'ombe wake mpaka niliposikia nyundo ikigonga misumari.