Mama Makohozi na Dirisha la Mapokezi

Jina la Mama Makohozi alipewa na watu wa mtaani kwa kumkejeli, naye akalipokea kama cheo. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa, miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta ile ile. Tangu aitwe kwenye mafunzo ya kifua kikuu katika kituo cha afya cha serikali, mtu aliyekohoa zaidi ya wiki mbili hakumuuzia dawa ya kikohozi ng'o. Alimwandikia karatasi ya rufaa yenye muhuri wa kituo na kumkabidhi kikopo cha makohozi.

"Unanifukuzia wateja!" mwenye duka alifoka.

"Nifukuze na mimi basi, bosi."

Hakumfukuza. Nani mwingine angejua kila dawa ilipo?

Siku moja akaingia fundi cherehani, mume wa dada yake, amekonda mpaka suruali kaifunga kwa kamba.

"Shemeji, tatu za kikohozi nilizonunua kwingine zimeisha. Nipe chupa ya nne, tusizungushane."

"Sikupi hata ugaegae."

Fundi akanuna, akaondoka zake. Kesho yake asubuhi na mapema Mama Makohozi akamfuata kazini, akajibwaga juu ya rundo la sare za shule na kuapa kwamba habanduki bila makohozi.

"Basi nenda kasimame nje, mwanamke wewe!" Fundi akakohoa, akatema ndani ya kikopo alicholetewa.

Mama Makohozi akakipeleka kikopo kituoni mwenyewe. Karani wa mapokezi akairudisha karatasi dirishani.

"Hatupokei vya madukani."

"Vya madukani? Muhuri huu si wenu? Mlinifundisha, mkanipigia makofi, leo mnanikana?" Akaketi sakafuni, kikopo mapajani. "Mkitaka kufunga, nifungieni humu humu."

Foleni ikaanza kucheka, kisha ikaanza kumtetea. Muuguzi wa kifua kikuu akatoka kuangalia kelele, akakichukua kikopo, akamgeukia karani: "Huyu ni mwenzetu. Akileta, pokea."

Majibu yakatoka: kifua kikuu. Kwa makubaliano na kituo, fundi alimeza dawa dukani kila asubuhi kwa miezi sita, shemejiye akimkodolea macho, huku fundi akilalamika kwamba dawa zinamfanya akojoe rangi ya machungwa. Akapona. Kamba akaitupa.

Mwenye duka bado hununa. Lakini wiki iliyopita, Mama Makohozi alipochelewa, alimkuta akimuuliza mteja, kwa sauti ya kujilazimisha, "Unakohoa tangu lini?"

"Mwulize na kama anatoka jasho usiku," akamwambia, akivua mtandio.