Makofi ya Mama mbele ya Masere

Juzi mujukuu wangu, ule ananiitaka kambo, alipata diplome. Nilipomuona mwalimu wake, nilipiga magoti palepale, nikamupigia makofi ya aksanti kama mama alivyofanyaka.

Wakati ule wa utoto wangu, bendera ya Katanga ilikuwa inapepea juu ya masomo, ile shule ya bazungu, na mimi, mutoto wa Katuba, mutaa wa beusi, nilikuwa mweusi peke yangu mu klasi. Mule mulinuka chaki na sabuni ya marashi. Hakuna mutoto alitaka kukaa karibu yangu. Ile siku ndiyo kwanza kasichana kamoja, Monique, kalinikatia mukate wake.

Mara mama akaingia, na harufu yake ya samaki ya kukausha. Akapiga magoti mbele ya masere, mutawa aliyetufundisha, akapiga makofi polepole, pa, pa, pa.

“Aksanti, masere. Umenipokelea mutoto.”

Batoto bakacheka. Monique akanigeukia: “Anaomba nini ule?”

Nilifikiri mama anaogopa bazungu. Tena niliogopa Monique atahama kiti. Basi nilicheka kupita bote. Mama akanitazama, akapangusa magoti.

“Soma muzuri, mwanangu.”

Kumbe makofi yaleyale alimupigia hata mama mukubwa aliyemuzalisha wakati nilizaliwa. Aliyekupokelea mutoto, unamupigia magoti. Hiyo si woga.

Juzi batoto bengine balianza kucheka vilevile. Mujukuu wangu akaacha diplome yake pa kiti, akakuja.

“Songea kidogo, kambo.”

Akapiga magoti pembeni yangu. Mimi, siku ile ya mama, sikutoka hata mu kiti.